Barua ya wazi: Sheria imetupa siku za kuwazika wazazi, haijatupa siku za kuwauguza

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya wazee, kazi, afya, fedha na serikali za mitaa,
na kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: LIKIZO, POSHO NA MSAADA KWA NDUGU WANAOTUNZA WAZEE MAJUMBANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 46, kitinda mimba katika familia ya watoto watano, mkazi wa Wilaya ya Muheza mkoani Tanga. Namuuguza mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 79, ambaye mwaka 2019 alipata kiharusi kilichompoozesha upande wote wa kulia na kumwachia maneno machache, mengi yakiwa majina ya watu waliokwisha kutangulia. Naandika kwa ajili yangu na kwa ajili ya wenzangu wasiopata nafasi ya kukaa na kuandika, kwa sababu nimechoka kusikia kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, hotuba nzuri zinazomtaja mzee, zinazolitaja taifa na zinazoitaja jamii, pasipo kumtaja mtu anayemgeuza mzee huyo kitandani saa nane za usiku.

Mama alipougua nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja binafsi jijini Dar es Salaam, kazi niliyokuwa nimeifanya kwa miaka 11. Nilichukua likizo yangu ya mwaka, siku zote 28, nikazimalizia wodini nikilala sakafuni kando ya kitanda chake, kama wafanyavyo ndugu wa wagonjwa kote nchini. Likizo ilipokwisha mama alikuwa bado hawezi kukaa wala kumeza kitu kizito kuliko uji. Nikarudi kazini kuomba siku zaidi, na afisa utumishi wetu, mtu muungwana ambaye hata leo simlaumu, akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, akaweka kidole kwenye kifungu cha 34.

Waheshimiwa, nawaomba mkisome tena kifungu hicho kwa macho ya mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani. Kinampa mwajiriwa siku nne zenye malipo katika mzunguko mmoja wa likizo iwapo mtoto wake ataugua au atafariki. Kisha kinawataja mwenzi wa ndoa, mzazi, babu na bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa, na hao wote kinawataja kwa jambo moja tu, nalo ni kifo. Mzazi mgonjwa hayumo. (Mume au mke mgonjwa naye hayumo, lakini hiyo ni barua ya mtu mwingine.) "Dada yangu," afisa yule akaniambia huku akiangalia meza, "mama angekuwa ametangulia, ningekupa fomu ujaze sasa hivi." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa anaeleza tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa ndicho hicho. Sheria yetu ya kazi inamtambua mzazi wa mfanyakazi siku anapozikwa.

Mimi mwenyewe ningeugua, sheria hiyohiyo ingeniruhusu kukaa nje ya kazi hadi siku 126, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mradi niwe na cheti cha daktari. Ndiyo maana nawafahamu watu, na ninyi bila shaka mnawafahamu, waliolazimika kutafuta cheti cha ugonjwa wao wenyewe ili wapate kwenda kijijini kumuuguza baba. Mtu mwaminifu anageuzwa mwongo ili atimize wajibu ambao kila kiongozi anamhimiza autimize.

Sikutafuta cheti. Niliacha kazi, na barua yangu inasema kwamba nimeacha kwa hiari. Neno hilo moja limenigharimu kuliko nilivyodhani siku ya kuliandika. Aliyeacha kazi kwa hiari hana fao la kukosa ajira. Zaidi ya hapo, pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180, nami nilikuwa nimechangia miezi 132, hivyo imenipungukia miezi 48, miaka minne kamili, na miaka hiyo nimeshaitumia, na kuipita, katika chumba kimoja chenye kitanda cha mbao, ndoo mbili na dirisha linaloangalia michungwa ya jirani. Nikifika umri wa mama bila pensheni, atakayenitunza mimi atakuwa binti yangu, naye ataacha kazi kwa hiari.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa nahisi wengi wanapoisikia wanafikiria mtu anayempelekea bibi kizee chai na kumtandikia kitanda. Mtu aliyepooza hageuki mwenyewe, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili nyama inayolaliwa inaanza kufa, hasa matakoni, kiunoni na visiginoni. Wauguzi walinifundisha wodini kwa muda usiozidi dakika kumi: shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mgongo ndilo la kumvutia, mto mmoja kati ya magoti, kitambaa laini chini ya kifundo ili kisigino kining'inie. Mwaka wa pili nilishikwa na malaria, nikalala fofofo usiku mmoja, na usiku uliofuata nikaamka mara moja tu. Kidonda kilianza na wekundu usiozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 50. Kilichukua miezi mitano kufunga, na katika miezi hiyo mitano niliuza cherehani.

Nepi za wakubwa, ambazo sisi tunaziita pampasi tu, kwa hapa kwetu nazinunua shilingi 2,000 moja. Mtu wa hali ya mama anahitaji tatu kwa siku, ambazo ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Mimi namvalisha moja usiku na mchana natumia vipande vya kanga kuukuu, ambavyo lazima vifuliwe mara hiyohiyo, na mwezi ambao maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki, hesabu ya madumu inaingia kwenye hesabu ya pampasi. Chakula chake ni cha kusaga na kuchuja, kijiko kwa kijiko, akiwa ameinuliwa kichwa, kwa kuwa tone likienda njia siyo linaweza kuishia kuwa homa ya mapafu. Mlo mmoja ni dakika 50.

Kipato changu ni vitumbua ninavyokaanga alfajiri na kuviuza mlangoni kwetu, na siku njema napata faida ya shilingi 7,000. Nimeambiwa mara nyingi kwamba ningeviuza stendi ningepata mara tatu ya hiyo, na ni kweli. Mama ana kikombe cha bati na kijiko upande wa mkono wake mzima, na akihitaji kitu hugonga. Biashara yangu haiwezi kwenda mbali zaidi ya pale mlio wa kijiko hicho unapofika. Nimeupima: unafika kwenye mwembe, kabla ya barabara.

Kaka zangu hutuma fedha wakijaliwa, na siwasemi vibaya. Mmoja ana watoto sita, mwingine hana kazi ya kudumu. Lakini nakumbuka kikao cha familia kilichofanyika wiki ya tatu baada ya mama kuugua, namna swali la nani atakaa na mama lilivyozunguka chumbani na kutua kwangu bila mtu kulitamka, kwa kuwa ni mwanamke, ni wa mwisho na sina mume. Nyumba nyingine linatua kwa mkwe, nyingine kwa mjukuu wa kike aliyetolewa shule kwa maneno ya "akamsaidie bibi kidogo kwanza". Serikali inaposema kwamba familia ndiyo itakayomtunza mzee, iwe inajua kwamba ndani ya familia neno hilo huishia kwa mtu mmoja.

Na Serikali imesema hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kuwa familia itaendelea kuwa taasisi ya msingi ya matunzo ya wazee, na kwamba kumpeleka mzee katika makazi ya kulelea wazee liwe jambo la mwisho kabisa. Nakubaliana na sera hiyo kwa moyo wote. Sitaki mama akatunzwe na watu asiowajua, na sijawahi kukutana na jirani anayetaka hivyo kwa mzazi wake. Ila taasisi ya msingi, popote ilipo serikalini, huwa na fungu lake. Shule ina ruzuku, zahanati ina dawa na watumishi. Hii ya kwetu imepewa wajibu, ikaachwa hapo. Wakati huohuo Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka Mamlaka ya Nchi kuweka utaratibu unaofaa ili mtu apate msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Mama yangu ana vyote vitatu, na utaratibu pekee alionao ni mimi.

Haitakuwa haki nikisema hakuna lililofanyika. Kwa muda mrefu sasa wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya umma, na dirisha la wazee lipo, hata kama mara nyingine unalipita bure na kutumwa dawa duka la nje. Shida yangu na dirisha ni nyingine: lilijengwa kwa ajili ya mzee anayeweza kulifikia. Mama alipangiwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, bila malipo. Mtu aliyepooza hapandi bodaboda, kwa hiyo ni bajaji, shilingi 10,000 kwenda na kurudi pamoja na kijana wa kusaidia kumbeba, yaani shilingi 80,000 kwa mwezi kwa matibabu ya bure. Tulikwenda wiki saba. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kufunguka vidole viwili.

Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini nao umesaidia wengi, na katika mtaa wetu wapo wanaokula kwa sababu yake. Lakini tazameni unavyoihesabu nyumba kama yetu. Kaya yenye mtu mzima mwenye nguvu inachukuliwa kuwa na nguvu kazi, na nguvu kazi hiyo inatarajiwa kushiriki ajira za muda, kuchimba mitaro, kupanda miti, kukarabati barabara. Mtu mzima mwenye nguvu katika nyumba yetu ni mimi, na nguvu zangu zimeshikwa mchana na usiku. Dodoso linaniona kama uwezo wa kaya wakati mimi ni mtu aliyekwisha ajiriwa bila mshahara. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina hadithi inayofanana na hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mimi kama mwanamke mlango upo wazi. Nilijiunga na kikundi. Nilitozwa faini mbili za kukosa mikutano, ya tatu nikajitoa kabla hawajanitoa.

Sasa maombi yangu, nikianza na lililo rahisi kwa sababu haligusi hazina ya Serikali kwa kiasi cha kutisha. Rekebisheni kifungu cha 34 ili ugonjwa wa mzazi, na wa mwenzi, uwekwe pamoja na ugonjwa wa mtoto. Maneno ya kuongeza hayazidi mstari mmoja, na Bunge hupitisha miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali mara kwa mara. Siku nne zenye malipo hazimponyi mgonjwa wa kiharusi, najua, lakini zinamtosha mtu kusafiri, kumtoa mzazi wodini, kumpanga ndugu wa kukaa naye na kurudi kazini akiwa bado na kazi. Juu ya hizo iwekwe likizo ndefu zaidi isiyo na malipo, miezi mitatu kwa mfano, ambayo mwajiri hatakuwa na hiari ya kuikataa iwapo daktari amethibitisha kwamba mzazi hajiwezi, na ambayo mwisho wake mfanyakazi anarudi kwenye nafasi yake. Ningeipata mwaka 2019 huenda leo nisingekuwa naandika barua hii, kwa kuwa miezi mitatu ile ndiyo iliyokuwa ya kufa na kupona. Baada yake tungeweza kupanga mambo kwa akili iliyotulia.

Najua mtaulizwa, nami nimeshaulizwa na watu wa nyumbani kwangu, kama hatuoni aibu kumdai mwajiri na Serikali malipo ya kumtunza mama aliyetuzaa, jambo ambalo wazee wetu walilifanya kwa kutafuta radhi. Sheria hii hii inampa mwanamke aliyejifungua siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sijasikia mtu akisema kwamba siku hizo zimewafanya akina mama wawapende watoto wao kwa ajili ya mshahara. Tulielewa kwamba kichanga hakiwezi kusubiri na mama yake hana mikono minne, tukaiandika sheria. Mzee asiyejiweza ana haja zilezile za kulishwa, kuogeshwa na kubadilishwa, tofauti ni kwamba ana uzito wa kilo 60 na hakuna anayekuja kumtazama na zawadi. Na wazee wetu waliotunza kwa radhi walikuwa na boma zima: mashamba yalikuwa nyuma ya nyumba, mabinti na wakwe walikuwa uani, mtu akichoka alipokelewa. Radhi naitafuta hata mimi. Haijawahi kulipa bajaji.

Ombi la pili ni posho ya mwezi kwa anayemtunza mzee asiyejiweza kabisa. Zanzibar walituonyesha Aprili 2016 kwamba inawezekana kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea bila kumuuliza alikuwa mfanyakazi wa nani. Pensheni Jamii ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Huku Bara hilo bado. Ila hata hiyo inamfikia mzee, na mimi naomba twende hatua moja mbele, kama walivyofanya Afrika Kusini, ambako chini ya Sheria ya Misaada ya Jamii ya mwaka 2004 mzee anayepokea posho ya uzee, na ambaye hali yake inadai mtu wa kumhudumia wakati wote, huongezewa fungu jingine kwa ajili ya huyo anayemhudumia. Hali yake inathibitishwa kitabibu, na aliyewekwa katika nyumba inayogharimiwa na Serikali hastahili. Naupenda utaratibu huo kwa sababu hauangalii umri peke yake. Muheza ninao wazee wa miaka 85 wanaolima, na nimeona mtu wa miaka 62 anayelishwa kwa mrija.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme tunaanza na kaya 100,000 tu nchi nzima, zile zenye mzee asiyeweza kujigeuza, kujilisha wala kwenda chooni, na kila kaya ipate shilingi 50,000 kwa mwezi. Hiyo ni bilioni 5 kwa mwezi, bilioni 60 kwa mwaka. Sijidanganyi kwamba ni fedha ndogo, na mwenye dhamana ya fedha ana orodha ndefu mbele yake. Lakini wekeni upande wa pili wa mizani kitanda cha hospitali kinachokaliwa miezi miwili na mzee mwenye kidonda ambacho kingezuiwa kwa pampasi na godoro la upepo, mwekeni na binti aliyeacha shule, muwekeni na mlipakodi aliyeacha kazi. Mimi nilikuwa nakatwa kodi ya mapato kila mwezi kwa miaka 11. Leo Serikali haipati chochote kutoka kwangu isipokuwa kwenye sabuni na mafuta ya kukaangia.

Wapo watakaopendekeza njia fupi, yaani kodi iondolewe kwenye nepi za wakubwa na vifaa vya kuuguzia. Nashukuru kwa nia hiyo, ila tulishaijaribu kwa taulo za kike: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka 2019, baada ya Serikali kueleza kwamba bei dukani haikushuka. Msamaha uliishia njiani kabla ya kumfikia msichana. Ningependa zaidi vifaa vyenyewe, yaani nepi, glovu, dawa ya kusafishia vidonda na godoro la upepo la kuazima, vitolewe zahanati kwa mzee aliyeandikishwa, kama wanavyopewa dawa wagonjwa wa kifua kikuu.

Kuhusu udanganyifu, nao utatajwa, kwa sababu sote tunakumbuka habari za kaya hewa, zilizoandikishwa kupokea fedha bila kuwepo. Mzee asiyejiweza ni mtu mgumu sana kumbuni. Yuko kitandani, ana jina, na mjumbe wa nyumba kumi anajua ni nani anayeanika vitambaa vyake asubuhi. Tatizo lenu kubwa zaidi litakuwa ndugu wa mjini atakayejitokeza ghafla kuwa mtunzaji siku posho itakapotangazwa, kwa hiyo jina la mtunzaji lithibitishwe kwenye mkutano wa mtaa mbele ya majirani, na afisa ustawi wa jamii aje kuona bila kutoa taarifa. Mkutano wa mtaa wetu hauna huruma katika mambo ya namna hiyo.

La tatu ni watu. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka mitano. Naomba katika mafunzo yao iwekwe sehemu ya kumhudumia mzee wa kitandani na, tafadhali, sehemu ya kumtazama anayemhudumia: mgongo wake, usingizi wake, shinikizo lake la damu. Mimi langu liligunduliwa kwa bahati tu, siku nilipokwenda kuchukua dawa za mama na nesi akanifunga kipimo kwa kuwa, alisema, sura yangu haikumpendeza. Mhudumu huyo akija saa tatu tu kwa wiki, siku ile ile kila wiki, mtunzaji anaweza kwenda benki, kwenda kanisani au msikitini, au kulala. Katika miaka sita nimehudhuria harusi moja, kwa saa nne, na ile saa ya nne sikuisikia ngoma.

Mafunzo hayo yaguse pia ugonjwa wa kusahau. Jirani yangu, dereva wa bodaboda, anamtunza baba yake ambaye usiku hufungua mlango na kutoka akitafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Kijana huyu anafunga geti kwa kufuli mbili na anaogopa zaidi watu kuliko giza, maana nchi hii imeshuhudia, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetembea usiku akizungumza peke yake ni rahisi kupewa jina hilo. Hana mtu wa kumwambia kwamba baba yake ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa huo una namna ya kuishi nao.

La mwisho ni ile miezi 48. Ujerumani, tangu walipoanzisha bima ya matunzo ya muda mrefu mwaka 1995, huwachangia pensheni ndugu wanaotunza wagonjwa nyumbani kwa saa zilizowekwa. Sitegemei tufike huko kwa mwaka mmoja. Ninachoomba ni kwamba mtu aliyekwisha kuwa mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha akathibitishwa kuwa mtunzaji wa mzee asiyejiweza, miezi yake ya kutunza ihesabiwe kuelekea ile 180, hata kama ni kwa kiwango cha chini kabisa cha mchango, Serikali ikichangia nusu naye akichangia nusu kutoka katika posho yake. Na sababu ya kuacha kazi iandikwe kwa jina lake, "kumtunza mzazi mgonjwa", badala ya "hiari".

Waheshimiwa, marekebisho ya kifungu cha 34 hayahitaji kusubiri bajeti, na ningeshukuru kuona muswada wake ukisomwa kwa mara ya kwanza katika mkutano ujao wa Bunge. Mengine yanahitaji takwimu, na sehemu ya kuanzia ni kuwaagiza watendaji wa mitaa na vijiji waandikishe wazee wasiojiweza na majina ya wanaowatunza, kazi ambayo katika mtaa wetu mtu mmoja anaweza kuimaliza kwa siku mbili. Akija kwangu, aje kabla ya saa sita mchana. Saa sita namgeuza mama, kisha namlisha, na kwa dakika 50 sitaweza kushika kalamu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtunzaji wa mama yake,
Muheza, Tanga.